Je, Wajua? Meno ya Mbwa, Kinywa cha Paka na Maji ya Kitengela

Siku hizi mbwa na paka wana dawa ya meno isiyohitaji mswaki. Unapima kiasi kwa kifuniko cha chupa, unamimina kwenye bakuli la maji, mnyama anakunywa, basi. Hakuna kushikana mieleka na mbwa uani. Ila kwa mkazi wa Kitengela, Isinya, Bissil au Kajiado mjini kuna swali la kutangulia: hayo maji yenyewe yana nini? Katika kaunti hii ya Kajiado maji yameshughulika na meno ya watu na ya mifugo muda mrefu kabla chupa hiyo haijafika dukani. Haya hapa mambo ya kujua kabla hujamimina.

1. Mbwa anakushinda kwa meno 10

Mtu mzima akiwa na magego yake yote ana meno 32. Mbwa ana 42, paka 30. Ng'ombe mnalingana naye kwa 32, ila juu mbele hana hata moja. Pana ufizi mgumu tu, na majani huyavuta kwa ulimi na kuyakata kwa meno ya chini. Mtoto wa mbwa huanza na meno 28 ya utoto, wa paka 26. Hayo hung'oka na kupisha ya ukubwani kuanzia mwezi wa 3 au wa 4 hadi wa 7 hivi. Wenye mbwa wengi hawayaoni yaking'oka, kwa kuwa mengi humezwa pamoja na chakula. Miezi hiyo michache ya mwanzo ndiyo yenye uzito kuliko yote, kama utakavyoona tukifika kwenye visima.

2. Usisingizie omena

Mbwa akinuka mdomo, lawama huangukia omena au matumbo ya bucha. Omena inanuka kweli, lakini harufu yake haikai. Harufu isiyoondoka hutoka kwa bakteria waliojificha kwenye ukoga na chini ya fizi. Bakteria hao huvunja protini na kutoa gesi zenye salfa, mojawapo ikiwa ile ile ya yai viza. Baadhi ya dawa za kutia majini zina zinki, na zinki hushikana na salfa hizo zisiruke hewani. Hapo pana mtego: harufu inaweza kupungua wiki ya kwanza huku ugonjwa wa fizi ukiendelea chini kwa chini.

Kuna pia harufu ambazo asili yake si kinywa kabisa. Paka mzee anayenuka kama mkojo huenda figo zimechoka. Mnyama anayetoa harufu tamu kama tunda lililoiva kupita kiasi huenda ana kisukari. Hao wanataka daktari wa mifugo, na kuwatilia kitu majini ni kuwachelewesha.

3. Ukoga hugeuka jiwe ndani ya siku 2 au 3

Kila baada ya mlo, utando laini wa bakteria hujijenga juu ya jino. Huo ndio ukoga, na kitambaa chenye maji kinautosha. Ukiachwa, madini ya kwenye mate huingia ndani yake na kuugandisha kuwa ugaga, ganda gumu la manjano au kahawia. Kwa mbwa kazi hiyo huchukua siku 2 au 3 tu, kwa sababu mate yake yana alkali zaidi kuliko yako.

Alkali hiyo ina faida na hasara. Faida ni kwamba meno ya mbwa hayatoboki ovyo kama ya mtoto anayekula peremende, kwani asidi inayotoboa meno hupozwa na mate. Hasara ni huo ugaga. Ukishaganda, hakuna dawa ya maji wala mswaki utakaoubandua. Hukwanguliwa na daktari mnyama akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, maana sehemu mbaya zaidi iko chini ya ufizi, na hakuna mbwa aliye macho atakayekubali kuguswa pale.

4. Jino la kwanza kuchafuka linajulikana

Mkalishe mbwa wako penye mwanga. Usimfungue kinywa. Vuta tu mdomo wa juu kwa kidole, nyuma na juu kidogo kuelekea sikio. Jino kubwa kuliko jirani zake, lenye ncha kama ya mkuki, ndilo la kutazama. Mfereji mkuu wa mate humwaga karibu na jino hilo, ukutani mwa shavu, kwa hiyo madini hufika hapo mapema na ugaga huanzia hapo.

Tazama mpaka wa jino na ufizi. Ufizi mzima umekaza na una makali safi, uwe wa waridi, mweusi au wenye mabaka. Weusi peke yake si ugonjwa. Ukiona mstari mwekundu umelizunguka jino, ganda la kahawia, au damu ukigusa kwa pamba, ujue hapo umeshapita hatua ya dawa ya bakuli.

Onyo moja: fanya hivyo kwa mbwa wako aliyechanjwa tu. Kichaa cha mbwa husafiri kwenye mate, na Kenya bado iko ndani ya mpango wake wa kukitokomeza uliowekwa kuanzia 2014 hadi 2030. Mbwa wa mtaani usiyemjua, mwache na meno yake.

5. Kuna muhuri wa dawa za meno za wanyama, na hauahidi makubwa

Tangu 1997 kuna baraza la madaktari wa meno ya wanyama, lenye makao Marekani, liitwalo kwa kifupi VOHC. Huwa halipimi bidhaa lenyewe. Hukagua matokeo ya majaribio yanayoletwa na mtengenezaji, na likiridhika huruhusu muhuri wake kubandikwa. Miongoni mwa bidhaa zilizoupata zimo dawa za kutia majini, ingawa ni chache ukilinganisha na biskuti na vyakula vya kutafuna.

Ili muhuri utoke, majaribio mawili lazima yaonyeshe kwamba ukoga au ugaga umepungua kwa wastani wa angalau asilimia 20 kuliko kwa wanyama wasiotumia bidhaa hiyo. Soma tena tarakimu hiyo. Bidhaa iliyofaulu inaweza kuacha sehemu kubwa ya uchafu pale pale ulipokuwa. Mswaki unaotumika kila siku bado ndio mkubwa wao. Dawa ya majini ni msaidizi wake, au mbadala kwa mbwa asiyekubali kushikwa kabisa.

6. Mbwa hunywa kwa kukunja ulimi kinyumenyume

Tazama kwa makini mbwa anapokunywa: ulimi haukunjwi mbele kama kijiko, hukunjwa kuelekea kidevu. Akiuinua kwa kasi, nguzo ya maji huufuata juu, naye huiuma kabla haijaanguka. Paka ana adabu zaidi. Mwaka wa 2010 watafiti wa Marekani waliompiga picha za mwendo wa polepole walionyesha kwamba ncha ya ulimi wake hugusa tu uso wa maji na kuivuta nguzo nyembamba, karibu mara 4 kwa sekunde, bila kuchota.

Hilo lina maana kwa dawa ya majini. Maji hupita juu ya ulimi na kwenda kooni upesi, na upande wa nje wa magego, ule unaogusana na shavu, haupati muda mrefu wa kulowa. Ndiyo maana dawa hizi hutegemea kunywewa mara nyingi kila siku, siku zote. Kutia leo na kusahau hadi Jumatatu ijayo ni kumwaga pesa.

7. Kiasi cha maji ndicho kiasi cha dawa

Mbwa mzima wa kawaida hunywa takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mbwa wa kilo 20 anafika lita 1 hivi. Jua la Januari likiwaka kwenye tambarare za Kaputiei, anapita hapo. Mnyama akinywa kidogo, hata dawa aliyoipata ni kidogo. Na mbwa wa boma anayeshinda nje hunywa kwenye hori la ng'ombe, kwenye karai la fundi wa mjengo na kwenye dimbwi chini ya tangi linalovuja. Bakuli lenye dawa linabaki limejaa, na mwenyewe anashangaa dawa haifanyi kazi.

Bakuli lenyewe likisuguliwa mara moja kwa mwezi, utelezi ulio ukutani mwake ni bakteria wa jamii ile ile ya utando. Lioshe kila siku kwa sabuni, ulisuuze, ndipo utie maji mapya na dawa mpya.

8. Paka haonji utamu

Mwaka wa 2005 wanasayansi walieleza sababu: jeni moja kati ya zile mbili zinazojenga kionjo cha sukari imeharibika kwa jamii nzima ya paka, kuanzia huyo wa jikoni hadi simba wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Kwa hiyo dawa iliyokolezwa utamu haimvutii paka hata chembe. Uchungu, kwa upande mwingine, anaupata vizuri.

Paka wa nyumbani pia ametokana na paka-mwitu wa nchi kavu, aliyezoea kupata maji mengi kutoka kwa nyama ya windo lake. Ni mnywaji mvivu. Ukimbadilishia ladha ya maji anaweza kususa bakuli, na paka asiyekunywa hujipalilia matatizo ya mkojo. Ukitaka kujaribu, weka mabakuli mawili, moja lenye dawa na jingine la maji matupu, uone atachagua lipi.

9. Utamu mmoja unaua mbwa

Zailitoli ni sukari mbadala iliyomo kwenye baadhi ya chingamu, dawa za meno na dawa za kusukutua za binadamu. Kwako haina neno, tena husaidia meno. Kwa mbwa, kongosho hudanganyika na kumwaga insulini nyingi, sukari ya damu ikaporomoka, mara nyingi ndani ya saa 1. Kiasi cha gramu 0.1 kwa kila kilo ya mbwa chatosha kumwangusha. Kikifika gramu 0.5 kwa kilo, ini liko hatarini.

Jina la kutafuta kwenye lebo ni “xylitol” au “birch sugar”. Ndiyo maana dawa ya meno ya watu haimfai mbwa. Kisa kingine ni kwamba mbwa hajui kutema: povu na floraidi yote anameza. Dawa ya kusukutua ya binadamu nayo isiingie kwenye bakuli hata kwa kupunguzwa. Siki ya tufaha, inayosifiwa sana, ni asidi, na asidi hula enameli.

10. Maji ya Kitengela yalikuwa na kiungo chake kabla ya chupa

Sehemu kubwa ya Kitengela huishi kwa maji ya visima virefu, yanayoletwa nyumbani kwa mabomba ya mtaa, jerikeni za lita 20 na malori ya maji. Chini ya mji kuna miamba ya volkeno, ukiwemo ule wa fonolaiti uliopewa jina la tambarare za Kapiti. Maji yakikaa muda mrefu ndani ya miamba ya aina hiyo hutoka na floraidi. Visima vingi vya Kitengela na Kajiado vimepimwa na kukutwa juu ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita.

Si Kajiado peke yake. Uchunguzi wa zaidi ya sampuli 1,000 za maji ya ardhini kutoka kote Kenya, uliochapishwa 1984, ulikuta asilimia 61 zimepita miligramu 1 kwa lita, na karibu asilimia 20 zimepita miligramu 5. Bonde la Ufa na jirani zake ni miongoni mwa maeneo yenye floraidi nyingi zaidi duniani. Maji ya Ziwa Nakuru yamewahi kupimwa yakafika miligramu 2,800 kwa lita.

11. Wakati wengine wanaitia, sisi tunaitoa

Mwaka wa 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifungua kliniki Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia ambayo hayakuelezwa katika kitabu chochote alichosoma. Alitafuta sababu kwa miaka 30. Jibu lilipatikana 1931, pale mkemia H. V. Churchill alipopima maji na kukuta floraidi. Lakini McKay alikuwa ameona jambo jingine: meno hayo ya kahawia yalikuwa hayatoboki.

Kutokana na hilo ukazuka mpango wa kutia floraidi kidogo kwenye maji ya mji. Grand Rapids, jimbo la Michigan, ulikuwa mji wa kwanza duniani kufanya hivyo, tarehe 25 Januari 1945, kwa kiwango cha miligramu 1 hivi kwa lita. Kwa maneno mengine, hata binadamu ametiliwa dawa ya meno kwenye maji. Chumvi ikizidi mchuzi hauliki, na visima vyetu vilizidisha bila kuulizwa: mji mmoja unalipa kuweka kile ambacho Kitengela ingelipa kuondolewa.

12. Meno huchafuliwa na floraidi kabla hayajaota

Mabaka meupe, manjano au kahawia ya floraidi si uchafu uliobandika. Enameli hujengeka vibaya wakati jino lingali ndani ya taya. Kwa mtoto wa binadamu, miaka ya hatari ni tangu kuzaliwa hadi 8 hivi. Mtu aliyehamia Kitengela akiwa na miaka 30 hatapata mabaka kwenye meno yake, ila mwanawe aliyezaliwa hapo anaweza kuyapata. Kupiga mswaki kwa nguvu hakuyaondoi, na kumsuta mtu kwamba hapigi mswaki ni kumwonea.

Kanuni ni hiyo hiyo kwa wanyama, ndama, mwanambuzi au mtoto wa mbwa, ila muda wao ni mfupi zaidi. Meno ya ukubwani ya mbwa hujengeka katika miezi michache ya mwanzo wa maisha. Kwa hiyo, kama una maji mazuri kidogo tu, mgao wa kwanza ni wa watoto wa nyumba, kisha wa vitoto vya mbwa. Mbwa mzima meno yake yameshapita hatari hiyo ya mabaka.

13. Kuchemsha huongeza

Ukichemsha maji, mvuke unaondoka na floraidi inabaki sufuriani. Maji yakipungua, kila kikombe kinachobaki kina floraidi nyingi zaidi. Dawa ya klorini huua vijidudu vya tumbo, na hilo ni jambo jema, lakini haiigusi floraidi wala haiondoi ugaga wa mbwa. Hata kichujio cha kawaida cha mshumaa wa kauri hakifai kwa kazi hiyo.

Yanayofaa ni maji ya mvua. Mvua haijapita kwenye mwamba, kwa hiyo karibu haina floraidi. Paa la mabati, mfereji na tangi lenye kifuniko vikipokea masika na vuli, nyumba inapata maji ya kunywa ya watoto na ya vitoto vya mbwa. Maji ya kisima yabaki kwa kufua, kudeki na choo.

14. Mfupa hukamata floraidi mnyama akiwa hai, na hata akishakufa

Karibu asilimia 99 ya floraidi iliyomo mwilini hukaa kwenye mifupa na meno. Mfupa huivuta kwa maumbile. Tabia hiyo ndiyo iliyotumiwa kutengeneza kichujio: mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa hewa kidogo hadi iwe makaa, husagwa na kupangwa ndani ya ndoo au tangi, na maji yakipita humo floraidi hunaswa. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilianza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990, baadaye ikashirikiana na taasisi ya maji ya Uswisi, Eawag. Ng'ambo ya mpaka, karibu na Arusha, kituo cha utafiti cha Ngurdoto nacho kimeshughulikia makaa ya mifupa kwa miaka mingi. Tanzania nayo ilikuwa na taabu kubwa: kiwango chake cha muda cha maji ya vijijini kiliwahi kuruhusu hadi miligramu 8 kwa lita.

Makaa hayo huchoka. Yakishajaa, maji hupita yakiwa na floraidi yake yote na ladha hailalamiki. Ndiyo maana kichujio kinataka kupimwa mara kwa mara.

15. Magadi ya maharagwe nayo yamo

Kaunti ya Kajiado ndiyo yenye Ziwa Magadi, ambako magadi yamechimbwa kibiashara kwa zaidi ya miaka 100. Magadi ya asili yanaweza kubeba floraidi, na watafiti Tanzania wamehusisha magadi ya kupikia na meno yenye mabaka hata pale ambapo maji hayakuwa mabaya. Mabaki ya maharagwe yaliyolainishwa kwa magadi yakiishia kwenye bakuli la mbwa, nayo huhesabiwa. Kutia magadi au chumvi kwenye maji ya mbwa ili “kusafisha kinywa” ni kumwongezea sodiamu asiyoihitaji.

16. Mfupa wa bucha husafisha, kisha huvunja

Kitengela haikosi nyama choma, na mbwa wake hawakosi mifupa. Ni kweli kutafuna husugua ukoga. Lakini mfupa wa mguu wa ng'ombe ni mgumu kiasi cha kuvunja jino, na jino linalovunjika mara nyingi ni lile lile kubwa la juu. Kipande hupasuka ubavuni, mshipa unabaki wazi, na usaha hujikusanya kwenye mzizi. Dalili yake huwapotosha wengi: uvimbe chini ya jicho. Mwenye mbwa hununua dawa ya macho, kumbe tatizo ni jino.

Mfupa uliopikwa una ubaya wake wa pili: huchanika vipande vyenye ncha. Na matumbo mabichi, hasa ini na mapafu yenye malengelenge, mbwa asipewe kabisa. Kwa njia hiyo hupata minyoo midogo ambayo mayai yake humletea binadamu malengelenge ya ini, ugonjwa unaojulikana vizuri katika nchi za wafugaji kama Umaasai na Turkana. Kipimo chepesi cha kitu cha kutafuna ni ukucha wako: kama kitu hakibonyei hata kidogo, ni kigumu mno kwa meno ya mbwa.

17. Huenda jino bovu liliwahi kusimamisha reli

Mwaka wa 1898 simba dume wawili waliwala wajenzi wa reli kule Tsavo hadi kazi ikasimama. Mafuvu yao yako Field Museum, Chicago. Wa kwanza alikutwa na chonge la chini lililovunjika na usaha kwenye mzizi, na utafiti wa alama za kutafuna uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba alikuwa akila vitu laini. Kumshika nyati kwa taya lenye maumivu ni kazi. Mtu ni rahisi zaidi.

Mbwa hafiki huko, lakini naye huficha maumivu. Ataendelea kula hata jino likiwa limeoza. Angalia kama anatafuna upande mmoja, anadondosha chakula, anatoa udenda, anajikuna mdomo kwa mguu, au amekuwa mkali akiguswa kichwani.

18. Muuza mbuzi husoma meno kama kitambulisho

Soko la mifugo la Bissil halina vyeti vya kuzaliwa. Mnunuzi humshika mbuzi taya, akafunua mdomo wa chini na kuhesabu. Meno ya mbele ni 8, yote ya chini. Jozi ya kwanza ya meno makubwa hutoka mbuzi akiwa na mwaka 1 na zaidi kidogo, na kila mwaka huongezeka jozi hadi kinywa kinajaa anapofika miaka 4. Mbwa hasomeki hivyo baada ya miezi 7. Kuanzia hapo hukadiriwa kwa kuchakaa kwa meno na wingi wa ugaga, kwa hiyo mbwa wa miaka 3 aliyetelekezwa kinywa huonekana mzee.

19. Msuaki unaota hapa hapa

Mti wa msuaki hustawi katika nchi kavu za Kajiado, na vijiti vyake vimesafisha meno ya wafugaji kwa vizazi. Kijiti hufanya kazi mbili: nyuzi zake hufagia ukoga, na utomvu wake huwapunguza bakteria. Kufagia ndiko kunakokosekana kwenye chupa ya kutia majini. Kwa mbwa, kitambaa kilichozungushwa kidoleni, au mswaki laini wa mtoto na dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama, hufanya kazi hiyo. Anza akiwa mdogo, upande wa nje tu wa meno, kwa muda mfupi, kisha umpe kitu anachokipenda.

20. Kisima kilichochimbwa kisheria kina karatasi

Kisima kirefu kinapokamilika kwa kufuata kibali, maji yake hupimwa na majibu huandikwa. Mwombe mwenye ploti au mwenye kisima karatasi hiyo. Kama hana, maji yanaweza kupelekwa maabara. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ina maabara yake Nairobi. Tafuta mstari wa floraidi. Ukiwa chini ya 1.5, watoto na vitoto vya mbwa wanywe bila wasiwasi mkubwa wa mabaka. Ukiwa juu, watafutie maji ya mvua au yaliyochujwa kwa makaa ya mifupa.

Ukishajua hilo, ndipo uende kwa agroveti na maswali manne: dawa hii ni ya mbwa, ya paka au ya wote wawili? Viungo vyote vimeandikwa? Haina zailitoli? Ina muhuri wa VOHC au ushahidi wowote wa majaribio? Akishindwa kujibu, nunua mswaki laini wa mtoto. Na kama ugaga umeshaganda, mpeleke mnyama kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa, au kwenye kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Upper Kabete, ukwanguliwe kwanza. Dawa ya kutia majini ina nafasi nzuri zaidi ya kufaa kwenye jino ambalo tayari ni safi.